Darasani anatengeneza vizuri, nyumbani hagusi kitu. Kasoro iko wapi?

#1 Mkufunzi_Ahero
Hamjambo wadau. Darasa ni la vijana wenye ulemavu wa akili katika chuo cha ufundi cha kaunti, umri miaka 18 hadi 27. Wapo wenye usonji, wapo wenye Down (hali ya kuzaliwa nayo), na wapo waliosumbuliwa na kifafa tangu utotoni. Wanafunzwa sabuni ya maji, mandazi, bustani ya sukuma wiki na ususi wa magugu maji. Chuoni kijana anakoroga lita 20 za sabuni mwanzo hadi mwisho. Akimaliza kozi akarudi kwao, miezi 3 inapita na hajatengeneza hata kikombe. Si mmoja wala wawili. Wazazi wameanza kusema tunawachezea watoto wao. Kasoro ni ya kijana, ya mwalimu au ya mzazi?

#2 Kondele_Fundi
Ya mzazi. Funga uzi.

#3 Japuonj_Nyalenda
@Kondele_Fundi pole pole, omera. Kabla ya kumfikia mzazi, mwalimu ajipime mwenyewe. Asimame nyuma ya kijana, afunge mdomo, mikono mfukoni, aone kijana atakwama wapi. Mara nyingi atakwama palepale ambapo mwalimu huwa anasema "haya, sasa?" Neno hilo limeshageuka kuwa hatua ya kazi. Nyumbani hakuna wa kulisema, kwa hiyo kijana anangoja. Watu wa nyumbani wakimwona ametulia na mwiko mkononi wanasema ni mvivu.

Dawa yake ni daftari. Andika hatua zote kuteremka chini, tarehe zipite juu. Kila hatua itiwe herufi moja: P akifanya peke yake, K ukimwonyesha kwa kidole, N ukimwambia neno, M ukimshika mkono. Ukimaliza kumwelekeza hatua fulani, safari ijayo hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla hujamsaidia tena. Wiki inayofuata hesabu hadi 10. Hatua isiyopata P siku 3 tofauti, hiyo bado hajaijua, hata kama sabuni imetoka nzuri.

Na jihadharini na N kuliko M. Ukimshika kijana mkono unajua umemsaidia. Neno linakutoka bila wewe kulisikia.

#4 Lanet_TibaKazi
Naunga mkono daftari, lakini @Japuonj_Nyalenda sababu si hiyo peke yake. Kijana anaweza kuwa na P kwenye hatua zote na bado akashindwa nyumbani, kwa sababu kazi ya nyumbani si ile aliyofunzwa.

Chuoni beseni liko juu ya meza. Nyumbani liko chini. Kukoroga dakika 30 ukiwa umeinama ni kazi nyingine kwa mwili, hasa kwa mwenye Down ambaye misuli yake ni milegevu tangu kuzaliwa. Chuoni maji yanatoka mferejini, nyumbani yamo kwenye mtungi na lazima achote. Kwa mwenye usonji, kama ndoo ya chuo ni ya buluu kila siku, basi "sabuni" kwake ni ndoo ya buluu. Mletee nyeupe uone atakavyokutazama.

Kwa hiyo msingoje ahitimu ndipo mbadilishe mazingira. Kuanzia wiki ya 2 zungusheni ndoo za aina 3, miiko miwili tofauti, vyumba viwili, na angalau walimu wawili. Atajifunza kwa kuchelewa, ndiyo, lakini atakachoshika kitatembea naye.

#5 Bukhungu_Mdau
Mnazunguka tu. Serikali haina chuo hata kimoja cha ufundi kwa ajili ya vijana hawa, basi. Vyuo maalum vya ufundi ni vinne: Machakos cha wasioona, Karen cha viziwi, Sikri cha wasioona na viziwi, na Nyang'oma cha viziwi. Viwili vya mwisho viko huku kwetu, Homa Bay na Siaya. Kimoja cha ulemavu wa akili kiko wapi? Ndiyo maana kila kaunti inabahatisha. Halafu serikali ya kitaifa ndiyo inayoendesha hizi poli za vijiji (vyuo vya ufundi kama hicho cha Ahero), tuilaumu yenyewe.

#6 Karani_wa_Milimani
@Bukhungu_Mdau orodha yako ni sawa, mwisho umeteleza. Hizo poli za vijiji zilihamia kaunti kwa Katiba ya 2010. Zinazobaki kwa serikali ya kitaifa ni taasisi za kiufundi na vyuo vya kitaifa. Ukitaka kupigia kelele mkufunzi wa ziada wa darasa kama la Ahero, nenda bunge la kaunti wakati wa kutoa maoni ya bajeti.

Na kukosekana chuo chao pekee si lazima kuwe ni hasara. Sera ya 2018 ya wizara kuhusu wanafunzi na wanagenzi wenye ulemavu inavuta kuelekea kusoma pamoja na wengine, na Kifungu cha 54 cha Katiba kinazungumzia taasisi zilizounganishwa na jamii.

#7 Bukhungu_Mdau
Nimesahihishwa, asante karani. Ila "kusoma pamoja" bila mkufunzi wa ziada ni kumweka mtoto kwenye kona na kumpa ufagio.

#8 Kibuye_Jumapili
Nyote mmeruka swali la soko. Nani anahitaji lita 20 za sabuni nyumbani kwao kijana? Wengi wanafulia kipande. Chuoni sabuni inatengenezwa kwa sababu ratiba imesema Jumatano ni sabuni. Nyumbani hakuna ratiba, hakuna mnunuzi, na hakuna aliyempa kijana pesa ya ungerol, ile malighafi nzito inayotoa povu.

Kuna jambo lingine dogo linaloharibu kila kitu. Chuoni mnafungua ungerol kilo 1 na chumvi ya sabuni kilo 1, mnamimina zote kwenye ndoo ya lita 20. Hapo kijana hajapima chochote. Anajua "maliza mkebe". Akienda dukani mtaani anauziwa robo kilo kwenye mfuko wa plastiki. Ataanzia wapi?

#9 Mkufunzi_Ahero
@Kibuye_Jumapili hapo umenigusa. Ni kweli tunamimina mkebe mzima. Mizani ipo lakini wengi hawasomi namba. Mngepimaje kwa lita 5?

#10 Japuonj_Nyalenda
Weka mizani kando. Chukua vikopo viwili vya majarini vilivyoisha, pima wewe ungerol gramu 250 mara moja, kwa kimoja, na ukate kikopo palepale ilipofika, usichore mstari tu. Mstari unahitaji kuamua, kikopo kilichokatwa kinahitaji kujaza tu. Kingine fanya hivyo kwa chumvi. Kifunge uzi mwekundu cha ungerol, kile cha chumvi kiache bila uzi. Maji ni chupa 10 za nusu lita. Azipange kushoto zikiwa zimejaa, kila akimimina moja aihamishie kulia. Kushoto kukiisha, maji yametosha. Hahesabu hata moja.

Utaratibu wenyewe: ungerol yote kwenye ndoo, nusu ya chumvi, koroga upande mmoja mpaka iwe nyeupe kama maziwa mazito. Hapo ndipo maji yaingie, chupa moja moja, na kila chupa ipotee kabla ya nyingine. Ukimwaga yote kwa pamoja unapata mabonge yanayoelea na kutwa nzima ya kuyaponda. Chumvi iliyobaki iyeyushwe kwenye chupa ya mwisho ya maji, iingie kidogo kidogo. Rangi, manukato, funika, kesho povu litakuwa limeshuka.

#11 Kondele_Fundi
Chumvi ongezeni tu, sabuni inakuwa nzito, wateja wanapenda.

#12 Mama_Rabuor
@Kondele_Fundi si kweli, na ukimfunza kijana hivyo umemwachia hasara. Chumvi hukaza hadi kiasi, ikipita hapo sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji na haikazi tena. Kijana akishaambiwa "nyepesi, ongeza chumvi", ataongeza mpaka mfuko uishe. Mfunzeni kanuni moja tu: kikopo kimoja, basi. Ikiwa nyepesi, aiache hivyo na amwite mtu.

Tena nashukuru hamjataja magadi makali (kostiki) na asidi. Kwa darasa hili sabuni ya kipande iachwe, au hatua ya kuyeyusha afanye mwalimu. Magadi huingizwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya magadi, kwa kuwa yanachemka na kuruka. Kijana anayegeuza mpangilio wa hatua mbili siku akiwa amechoka hafai kuwekwa karibu nayo.

#13 Kondele_Fundi
Nimenyamaza. Mimi ni wa kuchomelea vyuma, sabuni naioga tu.

#14 Bukhungu_Mdau
Kuoga pia tuna mashaka 😂

#15 Muuguzi_Mumias
Kabla hamjamaliza lawama zote kwa mwalimu na ndoo, ulizeni dawa. Wengi wa vijana hawa wana kifafa, na phenobarbital huleta usingizi na uzito wa kufikiri. Chuoni mlezi wa bweni anatoa dawa saa zilezile kila siku. Nyumbani dozi inaruka, kifafa kinarudi, au anapewa asubuhi badala ya usiku na anasinzia mpaka adhuhuri. Mnasema amesahau kazi, kumbe ana usingizi. Msibadilishe saa wala dozi wenyewe, nendeni kliniki na daftari la siku alizoanguka na saa anazosinzia.

Kwa mwenye Down aliyekuwa mchangamfu halafu akapoa, akanenepa na ngozi ikakauka, aombewe kipimo cha tezi ya shingo. Tezi kuzorota ni jambo la kawaida kwao, na lina dawa. Macho na masikio pia yapimwe. Kuna wanaoitwa wakaidi ilhali hawasikii sikio moja.

#16 Lanet_TibaKazi
@Muuguzi_Mumias asante, niongeze moja. Wapo wenye Down ambao mifupa ya juu ya shingo imelegea. Kabla ya kumpa kazi ya kujitwika ndoo ya maji kichwani kila siku, daktari amwone. Akianza kuyumba anapotembea au mikono ikapoteza nguvu, kazi isimame siku hiyohiyo.

#17 Siaya_Ughaibuni
Wadau, Marekani haya yote yapo kwenye vyuo vya jamii. Vijana wenye ulemavu wa akili wanaingia chuo cha kawaida na wanatoka na digrii. Huku tunabishana juu ya ndoo.

#18 Karani_wa_Milimani
@Siaya_Ughaibuni si digrii kwa wengi wao. Sheria yao ya elimu ya juu iliporekebishwa mwaka 2008 iliwaruhusu wenye ulemavu wa akili walio katika programu zilizoidhinishwa kupata ruzuku ya serikali kuu bila kuwa na cheti cha kawaida cha sekondari. Programu nyingi huishia kwa cheti cha kukamilisha: somo moja au mawili pamoja na wanafunzi wengine, kujitegemea, na kazi. Na kule shule inawashika hadi miaka 21 au 22 katika majimbo mengi, kwa hiyo wanafika chuoni wakiwa wamesindikizwa.

Lililo karibu na swali la Ahero ni mpango uitwao Project SEARCH, ulioanza 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati. Kijana hasomi kazi darasani kisha aende kazini. Mwaka mzima anaripoti hospitalini au kwenye kampuni, anazunguka idara 3, kila moja kama wiki 10 hadi 12, mwalimu yupo humohumo jengoni. Swali la "atahamisha ujuzi?" linapungua kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuuhamisha kutoka.

#19 Japuonj_Nyalenda
Naam. Lakini kule ni ajira, kuna mwajiri. Wetu wengi wataishia kazi ya nyumbani au kibandani. Mahali pa kufundishia pawe nyumbani, basi? Mwalimu mmoja, vijana 14, waliosambaa kote Nyando? Nauli peke yake ni mshahara.

#20 Njoro_Shambani
Tuje kwa bustani, ambako mambo ni rahisi zaidi kuliko sabuni. Kosa la sukuma wiki ni nafasi. Kijana anapanda miche ikibanana kwa sababu "sentimita 45" haimwambii kitu. Kata fimbo ya sm 45 na nyingine ya sm 60. Fupi ni ya mche kwa mche, ndefu ni ya mstari kwa mstari, na ndefu ipakwe rangi mwisho wake. Fimbo aende nazo nyumbani siku ya kuhitimu. Vyuo vinaponichekesha ni hapa: kijana anapewa cheti, vifaa vinabaki stoo.

Kosa la pili ni kumwagilia. Anamwagilia hata siku mvua imenyesha, kwa kuwa ratiba ya picha ukutani inaonyesha mtu na kopo la maji. Weka hatua kabla yake: tia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Kikitoka na udongo umeganda, leo hakuna maji. Picha ya kidole iwe kabla ya picha ya kopo.

La tatu ni kuvuna. Atachuma majani yote, na moyo wa mche pia. Hapo nimeona njia moja tu ikishika: chuma yaliyo chini ya kiganja chako kilicholazwa juu ya mche, juu usiguse.

#21 Mama_Rabuor
Hiyo ya kidole nimeiiba.

#22 Bukhungu_Mdau
@Njoro_Shambani na mandazi je? Msije mkaacha jambo la maana.

#23 Kibuye_Jumapili
Watu wa Kakamega mkisikia chakula mnaamka. Unga kilo 1, sukari gramu 150, hamira ya unga vijiko 4 vya chai, maji vikombe viwili na zaidi kidogo kutegemea unga. Vyote hivyo vina vikopo kama alivyosema mwalimu. Kinachoshinda darasa hili ni mafuta. Mwalimu husema "yakipata moto", na moto hauonekani. Atupe kidonge cha unga kama punje ya mahindi: kikikaa chini, bado; kikipanda kikiwa na povu pembeni, weka; mafuta yakitoa moshi, epua na usiweke kitu. Jiko la gesi chuoni na makaa nyumbani ni mambo mawili, @Lanet_TibaKazi ameshasema. Gesi unapunguza kwa kitufe. Makaa unayatoa kwa koleo, na hakuna aliyemfunza koleo.

#24 Mkufunzi_Ahero
Kuna anayejua namna ya kuwafunza pesa? Wakiuza mandazi wanatoa chenji yoyote ile.

#25 Mama_Rabuor
Tumieni noti halisi, si za karatasi zilizochapishwa. Hizi za 2019 zote tano zina jengo la KICC upande mmoja, kwa hiyo kijana anayetazama picha anazichanganya. Mfunze namba kubwa na rangi kwa pamoja, akitazama upande uleule kila mara.

Akiwa mnunuzi, asihesabu kamili, atoe noti inayofuata kwa ukubwa. Bei ni 130, anatoa 200 na kungoja chenji. Akiwa muuzaji, bei iwe moja: mandazi 2 kwa 20, sarafu moja. Anayetaka vinginevyo aende kwa jirani. M-Pesa kupitia namba ya mtu wa nyumbani anayeaminika, na hapo nakiri mlango wa kuibiwa na ndugu umeachwa wazi. Akiwa na laini yake, basi namba ya siri aifiche mkono anapoibonyeza, afunzwe hivyo mara mia, maana vijana hawa wamezoeshwa kutii kila anayewaambia "niambie namba".

#26 Kondele_Fundi
Bado nasema mzazi. Mzazi anaogopa mtoto akianza kujitegemea ile 2,000 ya Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya kila mwezi, itakatwa.

#27 Karani_wa_Milimani
Hofu hiyo ipo, lakini fedha zile zililengwa kwa wenye ulemavu mkali wanaohitaji mlezi muda wote, na hulipwa kupitia mlezi. Kijana anayepanda matatu peke yake kutoka Ahero hadi stendi ya Kisumu na kurudi si yule aliyekusudiwa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine, hiyo wote waichukue. Tathmini ya hospitali kwanza, maombi baadaye. Kina baba wengi wanaanzia mwisho na kurudishwa. Na anayenukuu sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ajue imeshachukuliwa nafasi na ya 2025.

#28 Lanet_TibaKazi
@Kondele_Fundi mzazi anayo sababu nyingine isiyo ya pesa. Ameona kijana akiungua mara moja, miaka 10 iliyopita, na tangu hapo jikoni ni marufuku. Usimhubirie. Mwite chuoni siku 2, akae nyuma, kijana akaange mandazi mbele yake bila mwalimu kusema neno. Siku ya pili mzazi ndiye asimame karibu. Kikao cha wazazi cha hotuba hakijawahi kumtoa mtu hofu ya mafuta moto.

#29 Japuonj_Nyalenda
Nakubali, ila bado nauliza kuhusu daftari. @Mkufunzi_Ahero, kwenye hizo lita 20, mlipata P ngapi?

#30 Mkufunzi_Ahero
Daftari hatukuwa nalo. Tulikuwa tunaangalia sabuni ikitoka.

#31 Japuonj_Nyalenda
Basi hatujui kama aliwahi kuitengeneza yeye.

#32 Njoro_Shambani
Hata tukijua, hoja ya Kibuye inabaki. Kijana wa bustani nyumbani kwao hawana kipande cha ardhi, analima wapi?

#33 Kibuye_Jumapili
@Mkufunzi_Ahero nijibu moja tu kabla uzi haujapotea kwenye mandazi. Huyo kijana wako wa sabuni, kwao kuna ndoo ya lita 20?

#34 Mkufunzi_Ahero
Ipo moja. Ni ya kuchotea maji, inatoka asubuhi na kurudi jioni ikiwa imejaa.